App Haikuuliza Ukoo

Kwa Vonza, Kitui
12 Januari 2025

Wifi yangu Mbithe,

Wakya? Huku tuko wazima. Mwende ameingia gredi ya tatu na meno mawili yameng'oka kwa wakati mmoja, anaongea akipiga miluzi. Mutiso amekataa sweta ya mwaka jana kwa sababu mikono imemfika viwikoni, na nimeangalia nikaona ana haki. Ndengu zimekubali mwaka huu. Mwambie Mama dawa yake ya miguu iko kwa Nzuki pamoja na barua hii, asiipake kwa magoti peke yake, apake mpaka chini.

Najua unashangaa kwa nini karatasi na simu iko. Simu yangu inashikwa na Mutiso kwa michezo. Yako inashikwa na Kaluki wako, na meseji ikilia Mama anamwambia aisome kwa sauti. Haya ninayokuandikia hayawezi kusomwa kwa sauti mbele ya mama mkwe. Ndio maana nimempa Nzuki, maadamu anapanda Mbooni kila mara kuchukua maparachichi. Bahasha nimeifunga kwa gundi, halafu seloteepu, kwa sababu Nzuki tunamjua.

Sasa keti chini. Nimeingia kwenye app ya kutafuta mchumba.

Usitupe barua. Ni Nasreen aliyeniwekea, yule jirani yangu anayeuza madera. Alisema Kavata, wewe kila jioni unafunga duka unaenda kuongea na sufuria. Nikacheka, lakini maneno yakaniingia. Ndugu yako Mbaluka, huu ni mwaka wa nne tangu tumzike hapo kwenu, na sijawahi kumwangalia mwanamume usoni isipokuwa anunue misumari. Basi Nasreen akanipiga picha mbele ya duka, akaandika: Kavata, miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili. Hilo la watoto nilisema liwe la kwanza, anayekimbia akimbie mapema.

Wifi, kuna wanaume katika hii dunia. Unasukuma picha kushoto ukimkataa, kulia ukimkubali. Mmoja amepiga picha na gari la jirani, nambari ya gari ameifunika kwa kidole. Mwingine ameandika anatafuta mwanamke mcha Mungu mwenye plot. Nimecheka mpaka mbavu zikauma, na sijacheka hivyo tangu msiba.

Lakini kuna jambo moja linanikaba, na nakuuliza wewe kwa sababu ni wewe. Nikipata mtu, nitabaki wifi yako? Ama siku hiyo nitakuwa mgeni Mbooni, wa kukaribishwa kwa kiti? Ukisema niache, nitaacha leo. Mama asijue kwanza.

Wako,
Kavata

Mbooni, Makueni
2 Februari 2025

Kavata,

Sisi tuzima. Baridi ya huku imerudi, Mama anaota moto kutoka asubuhi na kumlaumu kila mtu anayefungua mlango. Mlango wenyewe wa saluni yangu umeoza chini, kuku anapita bila kuinama. Kaluki anafanya vizuri shuleni isipokuwa hesabu, na hiyo amerithi kwa babake, aliyehesabu siku za kuishi nasi zikamtosha. Dawa imefika. Mama amepaka magoti peke yake.

Nzuki alijaribu kubandua seloteepu, alama ya ukucha nimeiona. Nimemkemea mbele ya wateja.

Haya, sasa wewe mwanamke. Nimesoma barua yako mara nyingi, nikaichoma jikoni, halafu nikajuta kwa sababu nilitaka kusoma tena ile ya mwenye plot. Nikuambie ukweli? Nimefurahi. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba utazeeka na ile leso nyeusi. Mimi nilikuwa hapo siku tulipoleta mbuzi wa ntheo kwenu kuomba uchumba. Ni mimi niliyeshika kamba, na yule mbuzi mweupe akala pazia la mama yako wazee wakiwa katikati ya maombi, na wewe ukacheka kutoka jikoni mpaka tukakusikia sebuleni. Mbaluka aliniambia baadaye kwamba kicheko hicho ndicho kilimmaliza. Kama kimerudi, nani mimi wa kukizuia?

Lakini sikiliza. Hizo picha haziwezi kukuambia mtu ni wa nani. Nyumbani mtu akija kuomba binti, kabla hajapewa hata uji anaulizwa ukoo. Hiyo app yako imeuliza ukoo? Imeuliza urefu. Urefu utakusaidia nini, unataka mtu wa kuchuma maembe? Yeyote atakayekusogelea, nipe jina na soko lao, mimi nitaenda kumwangalia kwa macho yangu. Usitoke kuonana na mtu kabla sijamuona.

Mbithe

Kwa Vonza
20 Februari 2025

Wifi Mbithe,

Wakya sana. Watoto wazima, duka linaenda. Umenijibu yote isipokuwa lile nililouliza, na nimeona. Sitarudia. Kwa leo sina nafasi ya kununa, nina furaha.

Yuko mtu. Anaitwa Musembi, wa Kathonzweni, fundi wa kuchomelea vyuma, anatengeneza milango na mageti. Mke wake alifariki, ana binti mmoja wa miaka minane anayeitwa Kasyoki. Unajua nilimsukuma kulia kwa sababu gani? Picha yake amepiga na huyo mtoto, na mtoto amesukwa vibaya ajabu. Mstari mmoja unaenda mashariki, mwingine Kitui. Halafu ameandika chini yake: Nimemsuka mwenyewe, tafadhali msicheke, najifunza. Nikasema moyoni, mwanamume anayekubali aibu hadharani kwa sababu ya mtoto wake, huyo nitamsalimia.

Tunaandikiana kila jioni. Hajaomba picha ya ajabu, hajaomba nauli. Ananiuliza Mwende amesoma nini leo. Juzi alinitumia picha ya ugali aliopika ukaungua, na mimi nikamtumia picha ya wangu ulioungua, kwa sababu nilikuwa naangalia simu. Mutiso ameanza kuniuliza mbona nacheka na friji.

Na ukoo, usiwe na wasiwasi. Aliniuliza mwenyewe kabla sijamuuliza, umeona mtu wa adabu. Nikamwambia sisi ni Aombe. Akasema basi hakuna shida, tuendelee.

Wifi, nenda ukamwone. Karakana yake iko karibu na soko, geti lake la bluu linaonekana kutoka barabarani. Usimwambie wewe ni nani. Jifanye mteja. Mlango wako si umeoza?

Kavata wako

Mbooni
16 Machi 2025

Kavata,

Tuko salama. Mvua imeanza kutishia, Mama ametuma watu wapande mahindi na amekaa kwenye kiti akiwaonyesha kwa fimbo. Kaluki anakusalimu.

Nimeenda Kathonzweni siku ya soko. Joto la huko halina huruma, nilifika nimekwisha. Huyo mtu nimemuona. Yuko. Anafanya kazi, hanywi, majirani wanamwita baba Kasyoki na si kwa kumsengenya. Nimeagiza mlango, alikuja na utepe akaniuliza vipimo, sikuwa navyo, nikampimia kwa mikono. Alicheka kidogo, akasema itabidi aje mwenyewe kupima.

Mtoto alikuwa hapo. Kavata, zile nywele ni mbaya kuliko picha. Sikuweza kuvumilia. Nilimkalisha kwenye ndoo nikamfumua, nikamsuka hapo hapo karakanani, cheche zikiruka upande ule. Alisinzia akaniegemea goti.

Basi ni hayo. Usiende kuonana naye kwanza. Ngoja Pasaka ipite. Niamini tu.

Mbithe

Kwa Vonza
30 Machi 2025

Wifi,

Barua gani hiyo fupi? Uliniandikia kuku anayepita mlangoni kwa maneno mengi kuliko mume wangu mtarajiwa. "Yuko." Hata mimi najua yuko. Ana sauti gani? Mikono yake ikoje? Anaangalia mtu machoni? Wewe unayejua kumchambua mhubiri mpya kutoka soksi hadi koti, leo umeishiwa?

Na kwa nini ningoje? Amesema tukutane katika mji wa Wote, tule, watoto wakiwepo. Nimenunua dera kwa Nasreen, la rangi ya machungwa, nimelijaribu mara nyingi mbele ya kioo mpaka Mwende akauliza ni lini tunaenda harusi. Nimengoja kwa sababu umesema niamini, na nimekuamini. Lakini eleza.

Ameniambia mteja kutoka milimani alimsuka binti yake, na mtoto analala na kitambaa kichwani zisiharibike. Nilicheka peke yangu dukani. Sikumwambia ni wewe.

Watoto wazima. Mutiso amevunja kioo cha jirani. Jibu haraka.

Kavata

Kwa Vonza
4 Mei 2025

Mbithe,

Pasaka imepita. Nzuki amekuja mara nyingi na maparachichi, bila barua. Nimemuuliza kama umeugua, akasema hapana, wewe ni mzima kabisa, na una mlango mpya wa bluu wenye maua ya chuma, kila mtu Mbooni anasimama kuuangalia.

Musembi hajasema tena habari za kukutana Wote. Ananiandikia usiku mwema, ananiulizia watoto, basi. Nilidhani ni kazi.

Jana amebadilisha picha kwenye app. Ni Kasyoki peke yake, amesukwa upya, na mistari yote inakutana nyuma ya sikio la kushoto kwa ule mzunguko mdogo. Wifi, mzunguko huo uko kichwani mwa Mwende kila likizo akitoka kwako. Nilikuwa nao kwenye kichwa changu mwenyewe siku ya harusi yangu. Nywele ulizosuka Machi haziwezi kuwa mpya Mei. Umerudi Kathonzweni, ama wao wamekuja Mbooni.

Sikuulizi kwa hasira, bado. Nakuuliza tu. Mlango huo alikuja kuutia nani?

Kavata

Mbooni
18 Mei 2025

Kavata wifi yangu,

Leo sitakuambia habari za Mama wala mahindi. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena.

Ni yeye aliyekuja kuutia.

Nianze pale pa kwanza. Siku ile ya soko mama yake alikuwa hapo karakanani, bibi mchangamfu. Nikiwa namsuka mtoto akaniuliza mimi ni wa ukoo gani, nikasema Aombe. Akasema wao ni Atangwa. Sindano ya nywele ilinianguka. Kavata, wewe ni binti wa Atangwa. Ulimwambia huyo mtu Aombe, lakini Aombe ni kwetu, ni kwa Mbaluka. Wewe ulizaliwa Atangwa na ndipo tulipokuja kukuomba. Huyo mtu ni ndugu yako. Hakuna mzee wa huku wala wa huko atakayekubali kula mbuzi hao.

Ningekuandikia siku hiyo hiyo. Lakini barua yako ilikuwa inaruka kwa furaha, nikashindwa. Nikasema ngoja, nitafute njia ya kulisema polepole.

Halafu akaja kupima mlango, na Kasyoki naye. Mama akawapa chai. Ukutani iko picha ya harusi yenu. Akaiangalia, akauliza huyu ni nani, Mama akasema huyo ni mke wa mwanangu marehemu, binti wa Atangwa wa Kitui, anaitwa Kavata. Musembi aliweka kikombe chini. Akasema, huyu ni dada yangu, na mimi nimekuwa nikimwandikia vitu. Alikuwa na aibu mpaka nikamhurumia. Alitaka kukupigia hapo hapo. Ni mimi niliyemwomba aniachie nikuambie mwenyewe, kwa sababu ni mimi wifi yako. Na sikukuambia. Hapo kosa ni langu, lake halipo.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu wakati huo tayari nilikuwa nangoja mlango ukamilike kuliko mtu anavyopaswa kungoja mlango. Anapanda huku kila wiki, mara bawaba, mara kufuli, mara rangi. Kufuli halina shida yoyote. Anakaa kwenye benchi la saluni akijifunza kusuka kwa kichwa cha Kasyoki, ananiuliza mambo, anangoja nimalize kujibu. Kavata, nina miaka arobaini na moja. Babake Kaluki hakuwahi kuleta hapa hata mguu wa mbuzi. Nimeshika kamba ya mbuzi wa kaka zangu wote, na hakuna aliyewahi kushika kamba kwa ajili yangu. Juzi Musembi ameniuliza kama anaweza kuja na wazee. Nimemwambia siwezi kujibu.

Kwa sababu ningekuambiaje? Huyo mwanamume huwezi kuolewa naye, na kwa bahati nzuri mimi naweza? Nani angeamini? Hata mimi nikijisikiliza nasikia mwizi.

Ukisema niache, nitaacha leo.

Mbithe

Kwa Vonza
8 Juni 2025

Kwa wifi yangu mjinga,

Wakya? Watoto wako wazima. Kioo cha jirani tumelipa, na Mwende meno yameanza kuota.

Nimekasirika, nisikudanganye. Nilifunga duka mapema nikalala na lile dera la machungwa mikononi. Nasreen alinifuata, akasoma barua yako yote akiwa amesimama mlangoni, akasema, Kavata, hapa sijui nikupe pole ama hongera. Nikaanza kulia, nikajikuta nacheka.

Nimempigia baba. Ameuliza majina ya babu za Musembi, akataja mengine mwenyewe kabla sijayasoma. Ni Atangwa kabisa, mpaka yuko babu mmoja wa zamani ambaye ni wetu sote. Kisha nikampigia Musembi. Alishika simu akaniita mwiitu wa asa, binti wa baba yangu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayengoja kuchapwa. Nikamwambia ndugu yangu, ugali wako ulikuwa mbaya hata hivyo. Tulicheka sote wawili, na kile kilichokuwa hapo katikati yetu kikaondoka bila kuumiza mtu. Sikujua kinaweza kuondoka hivyo. Labda nilichokuwa nakipenda ni jioni kuwa na mtu wa kunijibu.

Ninachokukasirikia si mwanamume. Nimeachwa nje ya habari ya nyumbani kama jirani. Usinifanyie hivyo tena maishani.

Nimejiuliza pia kwa nini nilimwambia Aombe. Sikudanganya, Mbithe. Nimepika kwenye matanga ya Aombe, nimechangia harusi za Aombe, nimezika mume Aombe. Aliponiuliza ukoo, mdomo ulienda wenyewe kwenu. Kwetu nilikozaliwa hata sikukumbuka.

Halafu nikampigia Mama. Ndiyo, nimempigia, na Kaluki hakusoma chochote. Nikamwambia kila kitu, app na yote. Akasema yeye alijua tangu ile siku ya kikombe, na alikuwa anangoja kuona ni nani kati yetu atakayepata akili kwanza. Akasema tena, Kavata, olewa na unayemtaka, Krismasi uje upike hapa na yeye achinje.

Sasa nisikilize vizuri. Wazee wa Atangwa wanakuja Mbooni Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Nimeshaongea nao. Walitaka kijana mmoja wa Kathonzweni ashike kamba ya mbuzi, nikasema haiwezekani, bwana harusi ana dada. Musembi amecheka akasema dada ameongea. Wewe ulikuja kwetu na kamba mkononi ukanitoa kwa baba yangu. Mimi nakuja kwenu na kamba mkononi, na nitavaa dera la machungwa, sikulinunua bure.

Kwenye app sijatoka. Nimeandika upya: Kavata, mama wa watoto wawili, Atangwa kwa kuzaliwa, Aombe kwa ndoa, taja ukoo wako kabla ya kusema mambo. Tayari mmoja ameandika kutoka Mwingi, ametaja ukoo, mama yake na hata mchungaji wake. Nitakuandikia habari zake ukishanijibu.

Na kumbuka kuna swali langu la Januari bado liko kwako.

Kavata

Mbooni
29 Juni 2025

Kavata,

Tuzima. Mama amepaka dawa mpaka chini, anasema Agosti lazima asimame.

Swali lako sikulijibu kwa sababu lilinitisha. Nilipolisoma niliona mtu anakuchukua, nami nabaki na Mama na kuku. Sikuweza kuandika ndiyo, sikuweza kuandika hapana. Sasa naandika. Ulikuwa wifi yangu kwa sababu ya kaka yangu, na kaka yangu yuko chini ya ardhi. Kuanzia Agosti utakuwa wifi yangu pia kwa sababu ya kaka yako. Ukiolewa Mwingi, ukiolewa popote, hutanitoka. Nimelia nikiandika hili na mteja yuko kwenye kiti, nimemwambia ni vitunguu.

Njoo na mbuzi wako. Mapazia nimeyatoa yote.

Mbithe